Chungu ndani ya chungu: kifaa cha kuhifadhi mboga kiangazi cha Dodoma

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zinapoanza Desemba, Dodoma mtu hahangaiki kupata mboga na matunda. Anahangaika kuyafikisha kesho. Nyanya za Ilula zinashushwa kwa matenga, bilinganya na bamia zinajaa kwenye meza za soko la Majengo, maembe yanaanza kuingia kwa fujo kuelekea Novemba, na bei inashuka mpaka unaona vibaya kununua kidogo. Unafika nyumbani, jua la saa nane linapiga bati, upepo mkavu unapita jikoni, na mchicha ulioununua asubuhi umesimama wima, jioni umeshalala.

Kifaa ninachokieleza hapa ni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Nimekitumia kiangazi zaidi ya kimoja, katika nyumba ya watu watano tunaopika kila siku, na friji tunalo. Nalitaja friji mapema kwa sababu watu wengi wanadhani chungu hiki ni cha asiye na umeme tu. Mimi nasema hata mwenye friji akinunue, na sababu zangu zinahusu mboga zenyewe kuliko bili ya luku.

Kinavyofanya kazi hakuna siri. Unamwagia maji kwenye mchanga, maji yanapenya udongo wa chungu cha nje na kutokea upande wa pili, upepo unayakausha, na kila yanapokauka yanaondoka na joto. Wazee wetu walikuwa na mtungi wa maji kwenye kona, na kanuni ni ileile. Aliyeifanya kanuni hiyo ijulikane kwa kuhifadhi mboga ni mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi. Alivisambaza vyungu hivi kwenye vijiji vya Jigawa na mwaka 2000 akapata tuzo ya Rolex. Taarifa za wakati ule zilisema bilinganya zilidumu siku 27 badala ya tatu. Kwangu hazijawahi kufika huko, na nitasema zinafika wapi.

Kwanza kukinunua. Hakiuzwi kikiwa tayari. Unanunua vyungu viwili vinavyoingiana. Vya kwangu nilivipata kwa mama mmoja anayepanga vyungu chini ya mti, pembeni mwa barabara. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Unataka cha kupikia au cha maji?" Nikamwambia nataka cha kuwekea mboga. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi chukua vya maji. Cha kupikia kimesuguliwa sana, hakitoi jasho." Sentensi hiyo ndiyo mwongozo wote wa ununuzi. Chungu kisichotoa jasho hakipoozi kitu.

Namna ya kukipima ni hii. Chovya kidole kwenye maji, weka tone moja kwenye ubavu wa chungu, kwa nje, mahali pasipo na moshi. Kwenye chungu kizuri tone halitelezi. Linatanuka likiwa doa jeusi lenye kingo zisizo sawa, kama wino kwenye karatasi ya daftari, na ndani ya muda wa kuhesabu mpaka kumi ule mng'ao wa maji umeshapotea, umebaki unyevu tu. Kisha kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri, kizima. Sauti ikikatika, kina ufa hata kama huuoni. Mwisho, pitisha kiganja ndani. Ukipata chengachenga zinazobaki mkononi, hakikuiva vizuri kwenye moto na kitamomonyoka ukikilowesha kila siku.

Nilitoa Sh 12,000 kwa kikubwa na Sh 7,000 kwa kidogo. Mchanga wa mtoni nilipewa kwenye ndoo na fundi wa jirani aliyekuwa anajenga. Kuwa mwangalifu na maduka ya mapambo: kuna moja hapa mjini linauza vyungu vya kupendeza vilivyopakwa rangi ya mafuta au vanishi, na muuzaji atakuapia kwamba vinafaa kwa kazi hii. Havifai. Rangi imeziba matundu yote ya udongo, na jirani yangu alikaa na kimoja mwezi mzima kikiwa na joto lilelile la jikoni.

Nafasi kati ya chungu na chungu iwe ya vidole viwili hadi vitatu pande zote. Ikiwa nyembamba zaidi, mchanga unakauka kabla ya mchana. Ikiwa pana sana, unabeba mzigo wa mchanga bila faida. Weka tabaka la mchanga chini, simamisha chungu cha ndani ili midomo ilingane, jaza pembeni, mwagia maji mpaka mchanga ushibe. Funika kwa kitambaa kizito cha pamba au kipande cha gunia la katani kilicholowa. Kisha kiweke kivulini mahali penye upepo. Wengi wanakosea hapo: wanakificha kabatini au kwenye kona ya stoo. Chungu hiki kinakula upepo. Changu kiko kwenye kibaraza cha nyuma, juu ya matofali manne, ubavuni mwa mlango wa jikoni.

Nina kipimajoto kidogo cha kuning'iniza. Saa nane mchana, mwezi wa kumi, jikoni kinasoma nyuzi 31. Nikikiweka chunguni na kufunika, baada ya saa moja hivi kinasoma 21 au 22. Mtu aliyezoea friji la nyuzi 4 atasema hiyo bado ni joto. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba anisikilize.

Friji limetengenezwa kwa nyama, maziwa, na mboga za nchi za baridi. Karoti na kabichi hulipenda. Lakini tazama kapu letu la kiangazi: nyanya, bilinganya, bamia, hoho, tango, nyanya chungu, embe, papai. Hivi vyote ni vya asili ya joto, na baridi ya friji huviumiza. Bamia ikikaa siku mbili tatu kwenye friji inatoa madoa meusi na kuanza kuteleza kabla hata hujaikata. Tango linapata mabonde ya majimaji. Bilinganya ngozi inabonyea na ukiikata mbegu zimekuwa za kahawia. Nyanya inabaki nzuri kwa macho, lakini ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 uwezo wake wa kutengeneza harufu unapungua, na ukiirudisha mezani harufu hairudi yote. Mtu anapolalamika kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha, mara nyingine kosa ni la friji lake.

Kwa hiyo nyuzi 21 zenye unyevu mwingi, kwa mboga hizi, ni mahali pazuri kuliko nyuzi 4 zenye hewa kavu. Zingependa pungufu ya hapo, karibu na 12 au 13, lakini nyumbani hakuna kifaa kinachokupa hizo kirahisi. Kati ya viwili tulivyo navyo, kwa mboga hizi chungu kinashinda.

Nyanya ndizo zilizonifanya nikipende. Nachagua sokoni zile zilizoanza kuona wekundu, ngumu bado, zenye kikonyo. Muuzaji huwa anashangaa nikiacha zile nyekundu za juu na kuchagua za chini. Nikifika nyumbani siziogeshi. Nazifuta vumbi tu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu tone la maji kwenye kikonyo ndipo ukungu unapoanzia. Nazipanga vikonyo vikitazama chini, safu mbili, si zaidi, kwa maana safu ya tatu inaikandamiza ya kwanza. Zinaendelea kuiva polepole humo ndani, na kila asubuhi nikifunua napokelewa na ile harufu ya jani la nyanya, kali kidogo, ya shambani. Nazitoa zilizoiva za siku hiyo. Kwa mpango huu nyanya zangu zinakaa wiki mbili, na za mwisho bado zinakatika kachumbari bila kutoa maji sahani nzima. Juu ya meza, kiangazi hikihiki, wiki haiishi.

Bilinganya na hoho hazinisumbui kabisa; zinavuka wiki bila kunywea. Nyanya chungu vilevile. Bamia ni dhaifu zaidi, natarajia siku nne au tano, na nazitandaza juu ya vingine, sizifukii. Matango yanakaa vizuri, ila yatenge na nyanya zinazoiva, maana yanageuka njano.

Majani yanataka mkono wake. Mchicha, chainizi, matembele, majani ya maboga: usiyaoshe, usiyakate. Toa jani lililooza hata moja, kwa sababu moja linatosha kuharibu fungu. Yafunge kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, yasimame wima na mizizi yake, yawe juu kabisa. Hapo nayapata siku tatu yakiwa mazima, ya nne kwa kuchagua. Huo mchicha uliolala jioni unaweza pia kuamka: ukiuweka mizizi kwenye maji kidogo, ndani ya chungu, ukafunika usiku kucha, asubuhi unaukuta umesimama.

Sasa maembe. Embe bichi usiliweke chunguni, na friji ndiyo kabisa usithubutu: chini ya nyuzi 13 hivi linapata madoa ya kijivu na haliivi sawasawa tena, linanyauka tu likiwa chachu. Liache liive nje, kwenye kapu, kivulini. Likishaiva na kutoa harufu, hapo litie chunguni, utaongeza siku tatu au nne kabla halijapondeka. Ila chungu cha maembe kiwe peke yake. Embe linaloiva linatoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inaivisha kila kilicho karibu. Mchicha unageuka njano, matango pia, na nyanya ulizozitegemea za wiki ijayo zinaiva zote Jumatano. Ndizi na papai ni hivyohivyo. Kwangu imebidi ninunue jozi ya pili ndogo kwa ajili ya matunda msimu wa embe, na sijutii.

Zabibu ni habari nyingine, na kwa mtu wa Dodoma hili lazima lisemwe. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea Februari na Machi, tena Agosti na Septemba, na wageni wanaohamia hapa wote wana ndoto ya kuzihifadhi. Chungu hakizifai. Zabibu zinataka baridi kali na kichala kikavu. Humu ndani ukungu mweupe unaanzia kwenye vijiti vya katikati ya kichala na siku ya tatu umeshasambaa. Hizo zipeleke friji, ndani ya mfuko uliotobolewa. Au zile za Septemba zikaushe: zitandaze kwenye wavu, kivulini penye upepo, uzifunike na chandarua dhidi ya nzi. Hewa ya Septemba hapa inazikausha vizuri. Za Februari usijaribu, kuna mvua.

Vitunguu, vitunguu saumu na viazi havitaki unyevu, viweke kwenye tenga lenye hewa. Maziwa, nyama, samaki na chakula kilichopikwa visiingie humu hata kwa usiku mmoja. Nyuzi 21 kwa vitu hivyo ni hatari kwa afya.

Kazi yake? Ipo. Asubuhi na jioni unamwagia maji, lita moja au zaidi kidogo kwa kila chungu kikubwa, na siku za upepo mkali unaongeza mchana. Wiki za mgao wa maji unalihisi hilo. Mimi natumia maji ya suuza ya mwisho ya mboga, yasiyo na sabuni, na mchanga haulalamiki. Maji ya huku yana chumvi, kwa hiyo baada ya miezi michache unaona utando mweupe nje ya chungu. Utando huo unaziba matundu. Ukiuacha, ndani panapanda joto kidogo kidogo na utadhani kifaa kimezeeka. Sugua kwa brashi ngumu na maji, bila sabuni, kiache kikauke juani siku nzima. Mara moja kwa wiki natoa kila kitu, chungu cha ndani nakimwagia maji ya moto na kukianika, na mchanga naubadilisha kila kiangazi kinapoanza. Sisimizi nao wanaupenda mchanga wenye unyevu. Matofali yangu yamesimama kwenye sahani za bati zenye maji, na tangu hapo hawapandi.

Ni kizito. Kikishajazwa mchanga na maji hakihamishiki, kwa hiyo chagua mahali mara moja. Na ni udongo: mpira wa mtoto ukikipata ubavuni, kimekwisha.

Lakini kasoro kubwa ni ya hewa, na haina dawa. Chungu hiki kinategemea hewa kavu. Hapa Dodoma mvua zikishika mwezi wa Januari, tofauti ya joto kati ya nje na ndani inapungua mpaka karibu nusu, na majani yanaanza kuoza badala ya kunyauka. Miezi hiyo nakiweka kando, na bahati nzuri majani ya mvua yanapatikana kila kona, hakuna sababu ya kuyahifadhi. Shangazi yangu wa Tanga alisikia sifa zangu akatafuta vyungu kama vyangu, vizuri tu, vinavyotoa jasho. Kule hewa yenyewe imeshiba maji. Jasho la chungu halina pa kwenda. Alipata upungufu wa nyuzi tatu hivi na mchicha wenye ute, na sasa kile kikubwa kimepandwa asumini. Kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa, hela yenu itunzeni. Walio Singida, Shinyanga, na kwa upande wa Kenya walio Garissa au Lodwar, nunueni bila wasiwasi, mradi maji ya kumwagia yapo.

Watu wa hapa tangu zamani walikuwa na njia yao ya kuvuka kiangazi: mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa juani, yakawekwa yakisubiri. Njia hiyo bado ni bora kwa akiba ya miezi, na sipendekezi chungu kiichukulie nafasi. Chungu ni cha wiki moja au mbili, cha mtu anayenunua tenga zima la nyanya akigawana na majirani, au mama wa genge ambaye jioni anabaki na mafungu ambayo hayajauzika. Mama wa genge mtaani kwetu alikuja kukiona, akakitumbukizia mkono, akauacha humo muda mrefu. Sasa anavyo viwili nyuma ya meza yake. Anasema mchicha wa jana hauuzi tena kwa nusu bei.

Ukubwa: kwa familia ya watu wanne au watano, cha ndani kichukue kama ndoo ya lita kumi. Kikiwa kikubwa zaidi utakijaza mpaka juu, na vya chini utavisahau.

Jambo moja ningependa wafinyanzi walirekebishe. Vyungu vyetu vya maji vina tumbo pana na mdomo mwembamba, umbo zuri kwa kuchota kwa kata, baya kwa kutoa bilinganya iliyo chini. Mkono unaingia, mkono na bilinganya havitoki. Nimemwomba yule mama anifinyangie cha ndani chenye kuta zilizosimama na mdomo mpana, pamoja na kifuniko chake cha udongo. Ameniuliza kipimo, nikamwonyesha kwa mikono, akakikata kipande cha kamba urefu huo na kukifunga kwenye ncha ya khanga yake. Amesema nirudi baada ya wiki tatu, udongo wa umbo hilo unataka kukauka taratibu, na bei tutaongea kikishatoka motoni.